Inkscape: S inatoka na mabonde, nodi niweke wapi?

fundi_logo: Wakuu naomba msaada, nachora S ya logo kwenye Inkscape (programu ya kuchora kwa kompyuta), nimejaza nodi (vile vidoti vinavyoshika mstari) kibao lakini mkunjo unatoka na vibonde vibonde, shida nini?

mchorafonti: Punguza nodi mkuu. Weka pale tu mkunjo unapofika mwisho wa juu, chini, kushoto na kulia, halafu mikono yake (vile vijiti vinavyotoka kwenye nodi kupinda mstari) ilale au isimame wima, shika Ctrl unapoivuta. Duara zima nodi 4 zinatosha, mkono uwe kama asilimia 55 ya nusukipenyo.

chora_tu: Na pale katikati S inapogeuka usiweke kitu. Nodi yenye kona ichague bonyeza Shift+S inalainika. Ctrl+L inapunguza nodi ila mi siipendi, inaharibu umbo.

fundi_logo: Aisee nimefuta nyingi, imetulia kabisa, asanteni