MJADALA: Amri za magonjwa ya mlipuko, sisi wenye sufuria tuulizwe lini?

Wakuu, habari za jioni. Nalileta hili mapema kwa sababu mvua zikianza kipindupindu hakiko mbali, na naogopa amri zijazo zitafanana na zilizopita.

Mama yangu ni mama lishe hapa Dodoma mjini. Mwaka mmoja kipindupindu kilipoingia kata ya jirani, gari la matangazo lilipita saa mbili asubuhi: kuanzia sasa ni marufuku kuuza chakula nje. Maharage yalikuwa yameshaiva, wali uko jikoni, chapati kama sitini zimefunikwa kwenye hotipoti. Tulikula, tukagawia majirani, yaliyobaki yakachacha. Rejesho la kikoba lilikuwa Ijumaa. Hatua ishirini kutoka kibandani kwake, mgahawa wenye ukuta na mlango uliendelea kuuza. Maji ya mgahawa ule na ya mama yaliletwa na mkokoteni mmoja, madumu ya njano yaleyale, kisima kilekile. Ugonjwa huu unapita kwenye maji na mikono, ukuta hauuzuii. Yeyote anayekula pale angewaeleza hilo kama angeulizwa.

Sipingi hatua za dharura. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa. Hapo huwezi kuanza kupiga kura. Lakini zilifungwa kwa siku 30, zikaongezwa, na wadogo walirudi darasani tarehe 29 Juni. Katika miezi mitatu ile muda wa kuwauliza wazazi ulikuwepo. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Mtoto wa nyumba isiyo na hata redio alifundishwa na nani?

Ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki kikamilifu katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Na kijijini, halmashauri ya kijiji ikitaka kutunga sheria ndogo, hata ya mbuzi kuingia shambani, lazima iitishe kwanza mkutano wa kijiji isikie maoni. Iweje ya mbuzi tuulizwe, ya kufunga riziki tutangaziwe barabarani?

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Pole kwa mama, mkuu. Mimi ni muuguzi. Kipindupindu kinaweza kumwondoa mtu mzima ndani ya saa chache; asubuhi anatembea, jioni macho yameingia ndani na mshipa wa kuwekea dripu hauonekani. Ukiitisha mkutano wa mtaa, Jumamosi hii akidi haitimii, unaahirisha, na wodi inajaa. Halafu mkutanoni anaongea nani? Walewale wenye sauti. Mama lishe atakaa nyuma na kanga yake, amalizie kupiga makofi.

Mwanzisha mada: Asante sana muuguzi, na poleni kwa kazi. Hilo la wenye sauti ni kweli, mama yangu hajawahi kunyoosha mkono mkutanoni. Ndiyo maana sisemi mkutano uitangulie amri. Amri ya kwanza itoke hata usiku wa manane, ila iandikwe inaisha lini, tuseme siku 14. Ikitaka kuendelea, waitwe wanaofungiwa wenyewe: mama lishe, wauza matunda, wasukuma mikokoteni ya maji. Wawili watatu kutoka kila soko, siyo mtaa mzima. Na mtu kama wewe aje atueleze maji ya kisima kipi yamekutwa na vimelea. Kwa hilo mama angenyoosha mkono, maana anajua nani anachota wapi.

Na masharti ya kufungua yawe mamoja. Ndoo ya bomba, sabuni, maji yaliyochemshwa, choo kinachofungwa: mwenye navyo auze, awe na ukuta au asiwe nao.

Mchangiaji wa pili: Kwenye siku 14 nakuunga mkono. Ila tukubaliane kwanza nani amfidie mama lishe chapati sitini. Bila fidia watu watauza kwa kujificha uani, ambako afisa afya hafiki kabisa.

Mwanzisha mada: Hapo ndugu yangu umenishika. Walijificha kweli, siku ya tatu tu. Wa Bahi, Kongwa na Mpwapwa, kwenu ilikuwaje? Kuna aliyewahi kulipwa chochote?