Kuzungusha stata ya pili kwenye turbini ya hatua mbili: ufanisi unapanda kweli?

Mchapo_Turbo:
Wakuu, habari za jioni. Tuna turbini ya hewa ya majaribio, hatua mbili; kila hatua ni stata (pete ya bledi, yaani mapanga, iliyosimama) ikifuatiwa na rota (pete ya bledi inayozunguka). Stata zote mbili zina bledi 36, kila rota ina 41. Pete ya stata ya pili inaweza kulegezwa, ikazungushwa na kufungwa upya. Naomba kujua: nafasi nzuri ya stata ya pili ukilinganisha na ya kwanza ni ipi, faida yake ni kiasi gani, na nipime vipi? Vipima joto vyetu vina kosa la nusu digrii.

Rota_Kwanza:
Mkuu, 36 kwa 36 ndiyo inayokupa nafasi ya kufanya kazi hii. Kila bledi ya stata ya kwanza inaacha nyuma yake mkia wa hewa iliyopoteza kasi. Rota inaukata mkia huo vipande, lakini ukichukua wastani, vipande hivyo vinaifikia stata ya pili mahali palepale, maana stata zote mbili zimesimama. Kama zingekuwa 36 na 40, bledi nyingine zingepigwa na mkia usoni na nyingine zingeupitisha katikati. Hata uzungushe vipi, jumla ingebaki ileile.

Kwa kawaida ufanisi unakuwa juu mkia ukitua kwenye ukingo wa mbele wa bledi ya stata ya pili. Hewa dhaifu inakwenda kuambatana na bledi, na katikati ya njia inapita hewa safi. Unashuka mkia ukipita katikati, kwa sababu huko unasukumwa kuelekea mgongo wa bledi na kuongeza hasara.

Shafti na Beringi:
Naongezea kuhusu kiasi. Majaribio ya NASA Marshall kwenye turbini ya pampu ya mafuta ya roketi, yaliyochapishwa 1996, yalionyesha tofauti ya asilimia 0.8 katikati ya urefu wa bledi, lakini takriban 0.3 tu kwa turbini nzima. Mkia hausimami wima: umeinama, na karibu na kitovu (shina la bledi) na kwenye ncha kuna mizunguko ya hewa inayouvuruga. Nafasi inayofaa katikati huenda isifae chini.

Kwa hiyo vipima joto vyako havitoshi. Tuseme joto linashuka digrii 60 ndani ya turbini, asilimia 0.3 yake ni digrii 0.18. Pima nguvu ya kuzungusha kwenye shafti pamoja na kiasi cha hewa kinachopita. Bledi 36 zinakupa digrii 10 kati ya bledi na bledi, basi nenda kwa hatua za digrii 1.25, nafasi 8. Ya tisa ni sawa na ya kwanza: ipime, na ikitoa jibu tofauti, kipimo chako kinayumba na matokeo yote hayaaminiki.

Mtego mkubwa uko hapa. Kama vipima presha vimefungwa nyuma ya stata ya pili, ukiizungusha stata hiyo mikia yake inahama na kipima kinasoma sehemu nyingine ya mkia. Utaona ufanisi unapanda na kushuka bila chochote kubadilika. Zungusha stata ya kwanza badala yake, au vipima vipite digrii 10 nzima kila mara.

Mchapo_Turbo:
Asante sana wakuu. Ya kwanza nayo inazunguka, nitaanza nayo. Ila kwenye kompyuta tulijaribu nafasi 4 na ufanisi haukubadilika hata kidogo.

Rota_Kwanza:
Bila shaka kwenye hesabu ya kompyuta, mpaka kati ya stata na rota mliuweka wa kutoa wastani wa hewa kuzunguka duara. Mpaka huo unaufuta mkia kabla haujaingia kwenye rota, kwa hiyo hakuna cha kupanga. Tumieni mpaka unaoteleza, yaani unaopitisha mkia kama ulivyo huku rota ikizunguka, hesabu ikifuata muda.

Tatizo 36 na 41 hazigawanyiki pamoja, mtalazimika kuchora duara zima badala ya kipande chake tu. Njia ya mkato ni kuifanya rota iwe na bledi 36, kila bledi ikuzwe kwa 41/36 ili uwiano wa upana na nafasi usibadilike. Lakini rota pana inachelewesha mkia, kwa hiyo digrii ya nafasi bora itahama. Chukueni ukubwa wa tofauti kwenye hesabu. Digrii yenyewe itoke kwenye majaribio.

Shafti na Beringi:
Na mwendo pia uandikwe pembeni ya kila kipimo. Ukibadilisha mizunguko kwa dakika, mkia unatua kwingine, na nafasi mliyoipata haitafaa tena.