Kombaini ya zamani: nibadili cheni au nifungue injini kabla ya mavuno?

Jaruba_Misungwi:
Wakuu habari za jioni. Nina kombaini ya mpunga, ya zamani kidogo, na msimu ndio huo unabisha hodi. Cheni zimechoka, na injini nayo haina nguvu kama mwanzo. Hela niliyonayo haitoshi kufanya yote mawili. Nikibadili cheni, nichukue orijino, mpya za Kichina au mtumba? Au cheni ziendelee hivyohivyo, hela yote iende kwenye injini? Nimeshapokea kishika (malipo ya awali) cha watu, kwa hiyo siwezi kuiacha mashine ikae. Naomba ushauri wa waliopitia.

Ngosha wa Magu:
Mkuu, hapo bado hujatueleza kitu. Kombaini gani? Imefanya kazi jumla ya saa ngapi? Hela ni kiasi gani? Na cheni unazosema ni zipi, za kutembelea au ile inayopandisha mpunga kooni? Huku kwetu zote tunaziita cheni.

Fundi_Nyakato:
Naongezea. "Haina nguvu" hainitoshi. Moshi wake rangi gani? Inakula oili? Inachemsha? Usinunue hata nati kabla hujajibu.

Jaruba_Misungwi:
Samahani wakuu, niliandika kwa haraka. Ni Kubota DC-70, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2021 ikiwa imeshatumika. Mita ya saa ilikufa ikisoma 2,340, na baada ya hapo nimevuna misimu miwili. Cheni ni zile za mpira za kutembelea. Oili naongeza kama lita moja kila baada ya siku mbili za kazi. Moshi mweusi unatoka nikiingia kwenye mpunga mzito. Kuchemsha, haijachemsha. Nina milioni 7. Mavuno yanaanza wiki tano zijazo.

MbugaTupu:
Uza hiyo mashine, tafuta ya tairi. Tairi likipasuka unaziba barabarani na kazi inaendelea. Cheni ya mpira ikikatika hakuna wa kuiziba.

Ngosha wa Magu:
Ya tairi uipeleke mbuga ipi? Udongo wetu mweusi ukinyesha usiku mmoja, asubuhi hata baiskeli inabebwa begani. Cheni inatandaza uzito wa mashine, tairi linachimba shimo na kukaa humo. Mtoa mada hana muda wa kuuza wala kununua, tumsaidie na alichonacho.

Mzee_Kwimba:
Mwanangu Jaruba, kuhusu mtumba nikueleze yaliyonikuta mimi, halafu uamue mwenyewe.

Msimu wa 2023 nilikuwa na shida kama yako. Nikaona cheni mpya ni ghali, nikanunua jozi ya mtumba mjini. Kwa macho zilikuwa nzuri, meno marefu, mpira mweusi unang'aa. Baadaye nilikuja kujua kule kung'aa ni oili chafu waliyozipaka. Nisichokiona ni mkato wa urefu wa kidole, upande wa ndani, karibu na kipande cha chuma kinachoshikwa na sproketi, lile gurudumu la meno linaloizungusha cheni. Ndani ya ule mpira kuna nyaya za chuma zinazozunguka cheni nzima. Maji yakishapita kwenye mkato, nyaya zinaoza polepole na mpira kwa nje unabaki mzima.

Siku ya nne ya kazi tulikuwa mbugani na mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nakata kona, nikasikia mlio kama fimbo kavu inavunjwa, mashine ikalalia upande wa kulia. Nusu ya cheni ilikuwa imejiviringisha kwenye rola. Tukaweka jeki, jeki ikazama. Tukaweka ubao chini ya jeki, ubao nao ukazama. Mwisho tulikwenda kukata magogo ya mwembe mmoja uliokuwa umeangushwa na upepo, tukayalaza kwa kupishana, ndipo mashine ikanyanyuka kiasi cha kupitisha mkono. Hapo cheni nyingine bado haijapatikana.

Mwenye shamba ni mama mtu mzima. Hakunigombeza hata kidogo. Siku ya kwanza alituletea uji. Siku ya pili alikaa kwenye tuta la jaruba akatuangalia mpaka jua likazama. Siku ya tatu alikuja na wajukuu zake na mundu, wakaanza kukata kuanzia palepale cheni ilipokatikia. Mpunga wake ulikuwa Supa, umeshalala kwenye maji, na masuke ya chini yalikuwa yameanza kuota. Nilimrudishia kishika chake na magunia mawili ya kwangu juu. Nikipita njia ile mpaka leo naona aibu.

Cheni za mtumba sinunui tena.

Sengerema_Shamba:
Pole sana mzee. Mimi nimefunga mpya za Kichina, zinaingia msimu wa tatu sasa, sina malalamiko. Ila hakikisha namba zilizoandikwa kwenye mpira. Ziko tatu: upana, hatua kutoka chuma kimoja hadi kingine, na idadi ya vyuma. Nyingi za kombaini za mpunga zina upana wa milimita 400, 450 au 500, na hatua ni 90. Upana ukitofautiana kidogo unaweza kubahatisha, lakini idadi ya vyuma ikizidi hata kwa kimoja cheni haitakaza. Usiende dukani na jina la mashine tu, nenda na namba.

Fundi_Nyakato:
Shikamoo Mzee Kwimba. Ulichosema kuhusu nyaya ni kweli, na ndicho cha kwanza kukikagua hata kwenye cheni zako mwenyewe, Jaruba. Zioshe zikauke, pitisha kiganja upande wa ndani. Ukigusa sehemu imevimba au kipande cha chuma kinacheza, hiyo haimalizi msimu. Meno kuisha peke yake si ugonjwa mkubwa, utateleza tu kwenye tope.

Sasa injini. Kumbuka msimu uliopita, ulipoingia kwenye mpunga mzito, ni nini kilipungua? Sauti ya injini ilizama, au injini iliendelea kulia vilevile na ngoma ya kupuria ndiyo ikapoa? Haya ni magonjwa mawili tofauti na watu wengi wanayatibu kwa dawa moja.

Jaruba_Misungwi:
Fundi umenikumbusha. Injini ilikuwa inalia juu, ngoma ndiyo inapungua halafu inakaba, tunashuka kuchomoa majani kwa mkono. Na kulikuwa na harufu ya mpira kuungua. Lakini mara nyingine injini nayo ilikuwa inazama na kutoa ule moshi.

Fundi_Nyakato:
Harufu ya mpira ni mkanda unateleza. Mkanda wa ngoma umeisha, au springi ya kuukaza imelegea, au puli imelika mpaka mkanda unagusa chini ya mfereji wake. Mkanda unatakiwa ushike kwa mbavu zake. Ukiona chini ya mfereji wa puli panang'aa kama sarafu, ujue unakaa chini na haushiki. Kama iko miwili inayofanya kazi pamoja, badilisha yote. Ukiweka mpya kando ya mzee, mpya ndiye anayebeba mzigo wote.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa, halafu nozeli zinazopuliza dizeli kwenye injini zipelekwe zikapimwe. Hivyo viwili ni hela ndogo kabisa ukilinganisha na kufungua injini. Lita moja kwa siku mbili ni nyingi, sikufichi, lakini injini ya namna hiyo inavuna ukiwa mwaminifu kwa deepstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kila asubuhi. Injini iliyofunguliwa haraka haraka wiki tatu kabla ya mavuno, na ringi zisizojulikana zimetoka wapi, ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Sengerema_Shamba:
Hapo fundi tutofautiane. Injini inayokula oili leo lita moja, katikati ya msimu itakula mbili. Akiwa shambani ikakaba, hakuna magogo ya mwembe yatakayomsaidia. Apime kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ikiwa silinda moja iko chini sana kuliko wenzake, afungue, wiki tano zinatosha.

Fundi_Nyakato:
Kupima sikatai, apime. Lakini pima baada ya kusafisha filta na nozeli, si kabla.

Mama Punje:
Habari zenu jamani. Mimi sina kombaini, mimi nanunua mpunga na kukobolesha, naomba niseme la upande wangu. Mnaongea cheni na injini, hakuna aliyetaja ngoma imesetiwaje. Mpunga wa kombaini ukifika mashineni unatoka chenga nyingi, mnunuzi ananikata bei, na mimi namkata mkulima. Ngoma ikikimbia mno, au mpunga ukiachwa ukauke mno shambani, punje inapata ufa ambao huuoni mpaka kwenye kukoboa. Uvunwe ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25, halafu uanikwe taratibu hadi 14. Nyie mnasubiri ukauke shambani ili msianike. Kaka Jaruba, ukibadili huo mkanda ngoma itakimbia kuliko ulivyozoea, angalia usije ukaturudishia chenga.

Ngosha wa Magu:
Mama Punje umesema kweli, ila kuna upande wa pili. Ngoma ikienda polepole mno punje zinabaki kwenye majani na kutupwa nyuma. Mimi nina desturi ya kusimamisha mashine, nachora nyuma yake mraba wa mita moja kila upande, nahesabu punje. Punje elfu moja ni kama gramu 25, kwa hiyo punje 40 kwenye ule mraba ni gramu moja, sawa na kilo 4 hivi kwa ekari. Ukihesabu 400, mwenye shamba amepoteza kilo 40 kila ekari na hajui.

MbugaTupu:
Hizo punje si ndizo wanazookota akina mama nyuma ya mashine? Huku kwetu ni riziki yao.

Mama Punje:
Wanaookota nawafahamu, wengine ni ndugu zangu. Lakini punje ikishaingia kwenye ufa wa mbuga hakuna anayeiokota. Na mkulima naye ana watoto wa kusomesha.

Mzee_Kwimba:
Waokotaji wasisogee nyuma ya mashine inayofanya kazi, hilo ndilo la kwanza. Dereva hawezi kuwaona. Mimi nilikuwa nazima kabisa nikiona mtoto.

Jaruba_Misungwi:
Wakuu, leo nimeshinda uani na mashine. Nimefungua bati la ubavuni karibu na filta ya hewa, nimekuta kiota cha panya kimejaa majani ya msimu uliopita, na waya mbili zimetafunwa mpaka shaba inaonekana. Filta nilipoigonga chini imetoka vumbi la kujaza kikombe. Na kwenye mfereji wa chini, pale punje zinapokusanyika kabla ya kupandishwa, mpunga ulikuwa umeota, mizizi imeshikana kama mkeka. Nimeung'oa kwa mkono, chini yake bati limeshika kutu na limetoboka mahali pa kupitisha kidole.

Fundi_Nyakato:
Ndiyo maana nawaambia watu kila mwaka, ukimaliza msimu washa mashine ikiwa tupu, fungua milango yote ya chini, puliza mpaka isitoke hata punje. Hilo tundu likomelewe bati jipya, punje zako zilikuwa zinamwagika hapo. Waya zote zifuate moja moja kwa mkono. Na majani yaliyoko karibu na bomba la moshi yatoe yote leo, hapo ndipo moto unapoanzia.

Sengerema_Shamba:
Na utafute mtungi wa kuzimia moto, ufunge karibu na kiti. Halafu Jaruba, hizo ekari za watu ziko upande gani wa ziwa?

Jaruba_Misungwi:
Nyingi ni hukuhuku Misungwi, ila kuna 40 za Sengerema, karibu na Katunguru.

Sengerema_Shamba:
Sasa hivi hilo si tatizo. Zamani tulikuwa tunalala Kigongo na mashine juu ya Fuso tukisubiri kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 unazimaliza kabla chai haijapoa. Ila panga Sengerema iwe mwisho, usianze nayo. Ukipata tatizo bora uwe karibu na nyumbani.

Ngosha wa Magu:
Na kwenye kupakia usiendeshe kombaini kilomita nyingi juu ya lami kukwepa gharama ya Fuso. Lami inakula cheni ya mpira kuliko mbuga.

Jaruba_Misungwi:
Asanteni sana wote. Mikanda ya ngoma nimeshaagiza, miwili. Nozeli zinakwenda kupimwa Jumatatu, halafu kompresheni, ndipo nitajua kuhusu injini. Leo nimeshusha cheni ya kushoto kuikagua. Ndani haijavimba ila vyuma viwili vinacheza kidogo. Kilichonishtua ni sproketi, meno yamelika upande mmoja mpaka yamechongoka kama pembe ya mbuzi. Nikifunga cheni mpya juu ya hii si itatafunwa? Kuna anayejua wanaojaza meno kwa kuchomelea?

Mzee_Kwimba:
Usijaze kwa kuchomelea mwanangu, meno hayatalingana na cheni itaruka. Kama upande wa pili wa meno ni mzima, ng'oa zote mbili, ya kushoto ifunge kulia na ya kulia ifunge kushoto, zisukume kwa upande ambao haujaliwa. Pima kwanza matundu ya bolti kama yanafanana.

Jaruba_Misungwi:
Matundu naona yanafanana, mzee. Ya kulia bolti moja imegoma kabisa, nimeimwagia dizeli ilale nayo. Kesho asubuhi naijaribu tena.