Mrejesho: yule paka wa chini ya kabati

Habari zenu ndugu zangu. Mwaka jana niliomba ushauri kuhusu Sitara, paka jike wa kituo cha kuokoa wanyama ninakojitolea hapa Mombasa, aliyekaa wiki tatu chini ya kabati bila kula mbele ya mtu. Mliniambia nisimvute, nikae sakafuni, nitazame pembeni na kufumba macho polepole, maana kwa paka kukodolewa macho ni kutishwa.

Nilifanya hivyo. Siku ya 11 ulitoka mguu mmoja, ukakokota dagaa, ukarudi. (Nilicheka peke yangu kama mwehu.) Baada ya mwezi akawa anakuja kulala juu ya kandambili zangu. Kupakatwa hakutaka kabisa, nami sikumlazimisha.

Sitara katutoka Jumanne. Figo. Daktari alisema paka wazee huugua figo sana, na dalili ya mapema mara nyingi ni kunywa maji kupita kawaida. Mimi nilidhani ni joto tu la Februari. Hilo bado linaniuma.

Tumemzika chini ya mwarobaini. Kandambili sijaziosha, zina manyoya yake.