HARUSI kwenye trela?! Huyu mhariri anyang'anywe kompyuta

MkasiMkali:
Wakuu, trela ya ile filamu ya mapenzi imetoka leo na nyote mmeshaiona, hakuna haja ya kutaja jina. Dakika ya 2 na sekunde 11: HARUSI. Bibi harusi na maua yake, bwana harusi anafuta machozi, mama mkwe anapiga vigelegele hadi spika zinakoroma. Filamu imeishia hapo. Tulichobakiziwa ni majina ya waliobeba taa.

Trela ya mapenzi ina mwendo wake jamani. Sekunde 20 hadi 30 za kwanza unatuonyesha mmoja wao na pengo alilonalo. Kisha wanakutana: wamegombania bajaji, wamebadilishana mabegi stendi, vyovyote. Inafuata furaha, vipande vya sekunde moja moja vinavyokatwa juu ya mdundo: mvua, ufukweni, chipsi mayai sahani moja. Muziki ukifika juu kabisa, unaukata. Kimya. Sauti moja tu: "Mbona hukuniambia una mke?" Hapo ndipo ukumbi mzima unaacha kutafuna bisi. Baada ya hapo mlango unabamizwa, simu haipokelewi, mtu anakimbia kuwahi basi, na unamwacha ANAKIMBIA. Hafiki! Swali ni moja tu, watarudiana? Mhariri kalijibu kwa shela.

Na haikumtosha. Jina la filamu limepita, harusi ikarudi, mwendo wa polepole, wanakata keki. KEKI! Zile sekunde 5 za mwisho ni za shangazi kutupa neno la kuchekesha, basi.

Pilipili Kichaa:
Mkuu unalia kama bibi harusi ni mtalaka wako. Filamu ya mapenzi, ulitaka iishe kwa mazishi?

MkasiMkali:
Kudhani wataoana ni jambo jingine. Ukishaiona ile shela, kila ugomvi ndani ya filamu unausubiri upite tu. Harusi, mkuu. Mara mbili!

Binti Shangani:
Urefu ndio uliomponza. Dakika 2 na sekunde 40 utazijaza na nini? Hollywood wamezoea kikomo cha dakika 2 na nusu, na mwaka 2014 chama cha wenye majumba ya sinema Marekani kikatoa mwongozo wa hiari, zisizidi 2. Ukijibana hivyo keki haipati nafasi. Dawa nyingine: picha zote za trela zitoke theluthi mbili za kwanza za filamu. Ile ya mwisho usiifungue kabisa.

Fundi Taimulaini:
Naongezea hapo. Mhariri akipungukiwa picha, achukue sentensi ya dakika ya 10 ailaze juu ya picha ya dakika ya 60. "Nitakusubiri" juu ya uso wa mtu anayepanda boti peke yake: mtazamaji anaunda kisa mwenyewe na siri inabaki salama.

Mshika Maiki:
Harusi mnaiona, mazungumzo je, mmeyasikia? Muziki umewakalia watu kifuani! Mtu akifungua mdomo, shusha muziki desibeli 6 hadi 10, akimaliza upandishe taratibu. Na chini ya mazungumzo weka ala tupu. Wimbo wenye maneno unagombana na mzungumzaji, husikii huyu wala yule. Mwimbaji umwachie vipande vya furaha.

Pilipili Kichaa:
Kwenye sauti nakuunga mkono. Nilidhani bwana harusi ni bubu.

Mwana wa Pangani:
Nyie mna masikio, wenzenu tunategemea maandishi ya chini. Njano juu ya kanzu nyeupe! Mistari minne, inakaa sekunde moja, inatoweka. Mistari miwili mwisho, herufi 42 hivi kwa mstari, nyeupe yenye ukingo mweusi. Kuna ugumu gani?

Binti Shangani:
Maandishi nafuu. Zile DVD za zamani, filamu moja imegawanywa Part 1 na Part 2, mmezisahau? Part 1 inakatika kitasa kikizungushwa, Part 2 inaanza na robo saa ya mliyokwisha kuyaona.

Mwana wa Pangani:
Na trela za filamu nyingine mwanzoni, rimoti haikubali kuziruka!

Fundi Taimulaini:
Usiseme. Halafu Part 2 dukani imekwisha, imebaki Part 1 kabati zima.

Pilipili Kichaa:
Wale wenye maduka ndio wa kufunguliwa uzi.