Jibu: Kadi ya maili kwa anayesafiri kikazi, nijiunge na ipi?

> Habari za leo wanajumuiya. Kazi mpya inanitaka nisafiri karibu kila mwezi, nyingi ni safari fupi za ndani ya Ulaya, mara mojamoja ng'ambo. Tiketi hukatwa na kampuni. Kuna mashirika mengi ya ndege na kila moja lina kadi yake. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Wengi watakuambia jiunge na shirika unalopanda sana, basi. Hilo ni nusu ya jibu. Ndege unayopanda na akaunti unayowekewa maili (alama za safari unazokuja kuzibadilisha kwa tiketi) si lazima ziwe za shirika moja. Mashirika makubwa yako kwenye miungano mitatu: Star Alliance ya 1997, oneworld ya 1999 na SkyTeam ya 2000. Ukipanda Lufthansa unaweza kuomba maili ziende kwenye akaunti yako ya Turkish au ya United, kwa kuwa wote ni Star Alliance. Kwa hiyo kwanza unachagua muungano, kisha ndani yake unatafuta mpango wa uanachama wa shirika unaokufaa.

Muungano haukuumizi kichwa. Uwanja wa ndege ulio karibu nawe ndio unaoamua. Wa Frankfurt atapanda Star atake asitake, wa Paris au Amsterdam ni SkyTeam, wa Heathrow ni oneworld. Baada ya hapo tazama njia ya kwenda nyumbani, maana hiyo unailipa kwa mfuko wako: Ethiopian iko Star tangu 2011, Kenya Airways iko SkyTeam tangu 2010, Qatar iko oneworld tangu 2013. Emirates haimo kokote. Kadi yako ya dhahabu ya Star kwenye kaunta yao haina kazi, na maili zao hazidumu zaidi ya miaka mitatu hivi, zinaisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa.

> Tiketi za kampuni ni za bei ya chini. Je, bado nitapata maili?

Hapa ndipo watu wanapoliwa, na ndipo ningekushauri utumie muda wako mwingi. Angalia risiti ya tiketi, karibu na namba ya safari utaona herufi moja: Y, M, K, L na kadhalika. Herufi hiyo ni aina ya nauli, na ndiyo inayoamua unapata nini. Abiria wawili wanaweza kukaa viti vinavyopakana, wakala chakula kilekile, mmoja akaandikiwa maili za umbali wote, mwenzake robo yake au asipate kitu kabisa. Kisha kila mpango una jedwali lake. Herufi ileile ya shirika lilelile inaweza kulipwa vizuri kwa mpango mmoja na kunyimwa kwa mwingine. Chukua tiketi ambazo kampuni imekukatia hadi sasa, andika herufi zake pembeni, halafu fungua ukurasa wa washirika wa kila mpango unaoufikiria. Ni kazi ya jioni moja na inamaliza ubishi.

Kuna mipango isiyojali herufi wala umbali, inajali fedha. Delta tangu 2024 hupima hadhi ya mwanachama, yaani ngazi yake kama Silver au Gold, kwa fedha tu, na British Airways tangu Aprili 2025 nayo inatazama zaidi ulichotumia. Kwa mtu ambaye kampuni yake ina mkataba wa punguzo, mpango wa namna hiyo unakuchelewesha, maana unasafiri sana lakini hesabu haipandi. Ndiyo maana kwa safari zako fupi mimi ningetazama Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Maili zake ni za fedha pia, lakini hadhi inahesabiwa kwa alama ziitwazo XP, kila kipande cha safari na alama zake. Safari ya nchi hadi nchi isiyozidi maili 2,000 kwa ekonomi ni XP 5. Ukiunganisha ndege Amsterdam kwenda na kurudi ni vipande vinne, XP 20. Ngazi ya Silver ni XP 100, yaani safari tano tu za hivyo. Kisha hesabu inaanza upya, na ukipata 180 nyingine ndani ya miezi 12 umeingia Gold. Bosi anayekukatia tiketi ya kuunganisha kwa sababu ni rahisi amekufaa bila kujua. Ila safari za ndani ya nchi moja ni XP 2 tu, usizitegemee.

> Nijali zaidi maili au hadhi?

Hadhi, kwa anayekaa ekonomi kila mwezi. Maili utazikusanya, sawa, lakini tiketi ya maili bado ina kodi na tozo za shirika, na kwa baadhi ya mashirika tozo hizo zinakaribia nauli yenyewe. Hadhi unaionja kila wiki: begi la ziada bila kulipa, foleni fupi, launji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani) ndege inapochelewa. Ngazi ya kulenga ni ile inayotambulika muungano mzima, yaani Star Gold, oneworld Sapphire au SkyTeam Elite Plus. Silver ya Flying Blue haikufungulii launji, Gold ndiyo inayofungua.

Kwa walioko Marekani kuna kichekesho. Mwenye Gold ya United akisafiri ndani ya nchi haruhusiwi kuingia United Club, launji ya shirika hilo, kwa kadi hiyo, lakini mwenye Star Gold ya shirika la nje anaingia kwa safari ileile. Ndiyo maana kuna Wamarekani wenye kadi za mashirika ambayo hawajawahi kuyapanda. Usikimbilie huko kabla ya kusoma masharti, kwani baadhi ya mipango inadai upande ndege zao wenyewe mara kadhaa kwa mwaka. United kwa mfano inataka safari zisizopungua 4.

> Na maili ni zangu au za mwajiri?

Inategemea nchi na mkataba wako. Ujerumani mahakama kuu ya kazi iliamua mwaka 2006 kwamba maili za safari za kikazi ni za mwajiri, naye anaweza kuamuru zitumike kwa safari za kikazi. Wengi hawadai, ila haki wanayo. Marekani mamlaka ya kodi ilitangaza mwaka 2002 kwamba haitamfuatilia mtu kwa maili za kikazi anazotumia binafsi. Waulize watu wa rasilimali watu kwa barua pepe, jibu libaki kwa maandishi.

Jambo dogo la mwisho upande wangu, majina. Sisi wengi tuna majina matatu na pasipoti inaweka la babu mwishoni. Tiketi itasoma la babu kama jina la ukoo. Ukijiandikisha kwenye mpango kwa jina la baba, mfumo unakataa na maili hazikai. Jiandikishe kama pasipoti ilivyo, herufi kwa herufi.

—

Shikamoo kaka, na asante kwa darasa. Naongeza mawili.

Kwanza, mtandao wa wakala wa kampuni mara nyingi hudondosha namba yako ya uanachama. Ukishapata namba ya uhifadhi, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika uiweke, na tunza kadi ya kupandia ndege mpaka uone maili zimeingia. Bila hiyo huna cha kudaia. Safari moja haiwekwi kwenye akaunti mbili, kwa hiyo ukishaiandika pasipo sahihi, imekwenda.

Pili, mwenye familia aangalie mipango inayokubali kuchanga. British Airways inaruhusu hadi watu 7 wa nyumba moja kuweka pamoja, na United tangu 2024 inaruhusu hadi watu 5. Watoto wakienda likizo, maili zao chache zinaungana na zako, wala hazifi peke yake.

Kuhusu Flying Blue sipingi, ila mimi safari zangu nyingi ni ndefu na chache, kwa hiyo XP za vipande hazinisaidii. Mdogo wetu tuambie herufi za tiketi zako ni zipi na unaruka kutoka uwanja gani, tukufanyie hesabu hapahapa.

—

Marahaba dada. Ongeza na mwezi wa kuanza: mipango ya Delta na United huhesabu Januari hadi Desemba, British Airways Aprili hadi Machi. Akijiunga na ya Januari mwishoni mwa mwaka, anaanza sifuri baada ya wiki chache. Asubiri, au aombe kwa tarehe itakayompa mwaka mzima.