Mzee wangu anataka kucheza gofu Bogstad (Oslo) ila hendikapu yake iko kichwani tu, naombeni ushauri

Mtoto wa Kedi:
Wakuu habari za saa hizi. Dada yangu yuko Oslo mwaka wa tisa huu, katualika mimi na mzee twende mwishoni mwa mwezi wa sita tukae wiki tatu, viza za Schengen zimeshatoka kwaiyo hapo sina swali. Swali langu ni gofu. Mzee ana miaka 68, alianza akiwa dogo kama kedi, yaani kubebea wachezaji mabegi ya fimbo viwanjani, fimbo yake ya kwanza aliiokota imevunjika akaifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, na mpaka leo akipiga mpira unanyooka kama kamba ya fundi mwashi. Sasa shemeji kamtumia picha za uwanja unaitwa Bogstad, uko pembeni ya ziwa, miti mikubwa, majani ya kijani mpaka unahisi yamepakwa rangi. Toka juzi simu haishuki mkononi, anakuza picha kwa vidole ananiuliza "hapa maji yako kulia au yanakata mbele?"

Shida ni moja, hana karatasi yoyote ya hendikapu, ile namba ya kuonyesha uwezo wa mchezaji, ikiwa ndogo ndo mzuri. Ukimuuliza anakwambia "mimi kumi na nne". Nani kaandika? Hakuna. Je watamruhusu? Na kama haiwezekani, kuna maana ya kwenda kuangalia tu?

Mama Junior wa Røa:
Karibuni sana, mimi naishi upande huohuo. Huo uwanja ni wa Oslo Golfklubb, klabu kongwe kuliko zote Norway, imeanza 1924. Nikwambie ukweli mdogo wangu, hendikapu ya kichwani huku haina kazi. Hata mwenyeji akitaka kuanza anapitishwa kozi ya wanaojifunza inaitwa Veien til golf, anaanzia hendikapu 54 ndo anashuka taratibu. Sasa mgeni akitokea mikono mitupu anaonekana ndo kwanza anashika fimbo, hata awe bingwa wa kijiji kizima. Mashemeji zangu walirudishwa getini klabu moja nje ya mji kwa hilohilo, wamevaa wamependeza, wamelipa teksi, tukaishia kula aiskrimu.

Banka la Lugalo:
Mkuu usikate tamaa, muda upo. Toka 2020 nchi nyingi duniani zinatumia mfumo mmoja wa hendikapu, na kuipata unahitaji skokadi (kadi za kuandikia mapigo) za mashimo 54 tu, yaani raundi tatu za mashimo 18, kila kadi imesainiwa na uliyecheza naye. Mzee ajiandikishe uanachama klabu yoyote iliyo chini ya chama cha gofu, acheze hizo raundi tatu, arudishe kadi, basi. Ila mwambie aandike kila pigo. Wazee wetu wana tabia ya kusema "hiyo haihesabiki nilipigiwa kelele".

Kaka Mkavu:
Yani mtu anatoka Dar anavuka bahari anaenda kukimbiza kijimpira porini. Wakati nyumbani kuna shamba halijapaliliwa. Haya.

Mama Junior wa Røa:
@Kaka Mkavu hamna aliyekuita lakini 😂

Niendelee. Kufika ni rahisi, mnapanda treni ya chini laini ya 2 inayoelekea Østerås mnashuka Røa, alafu basi la 41 la Sørkedalen. Begi la fimbo mnapanda nalo hakuna atakayewashangaa, huku watu wanapanda basi na ski ndefu kuliko wao. Pesa taslimu msihangaike nazo, chukueni kadi ya benki inayofanya kazi nje. Nafasi ya kucheza inapangwa kwenye programu inaitwa GolfBox na bei mtaiona humohumo, ila klabu ya namna hii wanachama ndo wanatangulia, kwaiyo waandikieni barua pepe mapema na namba ya hendikapu mkononi, muulize siku gani wageni wanapokelewa.

Na kuhusu kwenda kuangalia tu, mimi nasema ndio mara mia. Jirani kabisa kuna Bogstad gård, jumba la zamani la Peder Anker, tajiri wa viwanda vya chuma aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Norway kule Stockholm 1814, enzi Norway iko chini ya mfalme mmoja na Sweden. Ile bustani yake kubwa aliipanga mtindo wa Kiingereza, miti imeachwa kama imejiotea yenyewe kumbe kila mmoja umewekwa kwa hesabu. Ndo maana ukiangalia picha unahisi uwanja wote ni bustani ya mtu. Kuna mkahawa, kuna mifugo ya watoto kuangalia, na njia za kutembea kando ya ziwa. Mkipita kwenye majani marefu vaeni soksi ndefu, kuna kupe. Ndio, kupe, huku Ulaya.

Nyasi za Limuru:
Sisi wa huku juu tukienda kule tunaaibika. Nimezoea kupiga fimbo namba saba inafika mita 150, hewa ya Nairobi ni nyepesi si unajua, kule Oslo nikapiga hiyo hiyo saba mpira ukaanguka katikati ya maji plup, nikafikiri ni upepo, nikarudia, plup. Nyie wa Dar mko usawa wa bahari hamtaona tofauti kubwa lakini asubuhi ya baridi mpira unakuwa kama jiwe, kwaiyo mzee achukue fimbo ya kupiga mbali zaidi kidogo. Alafu mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne na dakika arobaini usiku na kabla ya saa kumi alfajiri limeshatoka tena. Mnaweza kuanza kucheza saa kumi na moja jioni mkamaliza mashimo yote 18 bado kweupe. Mtu wa kuswali aangalie ratiba yake vizuri, isha na alfajiri zinakaribia kugongana.

Ah na kitu ambacho hamna aliyesema: hakuna kedi. Unajivutia kigari chako mwenyewe, mpira ukipotea unautafuta mwenyewe, dakika tatu ukikosa unaenda zako.

Mtoto wa Kedi:
Wakuu asanteni, sikutegemea majibu haya. Mrejesho: nimeongea na mzee jana usiku. Habari ya skokadi kaikubali, kanuna kidogo kasema "yani nipimwe uzeeni", ila Jumamosi anaanza raundi ya kwanza na rafiki yake wa kumsainia keshapatikana. Nilipomwambia kule hakuna kedi akanyamaza, akaweka kikombe chini, akauliza "sasa wale vijana wanakula wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia begi nitakubebea mimi. Akacheka mpaka akakohoa, anasema wewe hujui hata pa kusimama, utanipigia kivuli kwenye mpira. Kwaiyo na mimi Jumamosi naenda kufundishwa kubeba begi.

Swali la mwisho, ana viatu vyake vya zamani vya spaiki za chuma anavipiga dawa kila Ijumaa, vinaruhusiwa kule?

Mama Junior wa Røa:
Aviache hukohuko. Anunue vya spaiki za plastiki, na avivae nyumbani wiki mbili kabla, asije na viatu vipya akatembea kilomita nane akarudi na malengelenge.

Mtoto wa Kedi:
Sasa hilo namwambiaje.